Nani Aamue Habari ya Nyumba? Fundisho la Kiwira na Rungwe

Suala la nyumba ni suala la siasa. Watu wengi husahau jambo hili, kwa sababu nyumba huonekana kuwa ni shauri la fundi, mchanga na misumari. Lakini mtu hawezi kujenga mpaka awe na mahali pa kujenga. Hawezi kuwa na mahali mpaka awepo aliyempa au aliyemwachia. Wala hawezi kuezeka mpaka avipate vifaa ambavyo bei yake hupangwa na wengine. Katika kila hatua hizo yupo mwenye kuamua. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nyumba si kwamba itajengwa kwa vifaa gani. Ni kwamba nani anaamua.

Katika makala hii tunakusudia kuchambua swali moja: je, mikoa na wilaya ziachiwe kupanga siasa yake ya nyumba, au siasa hiyo ibaki mikononi mwa Taifa zima? Wapo wanaosema kwamba Taifa likiamua kila kitu, warasimu wa mji mkuu watawajengea wakulima nyumba za kwenye karatasi. Wapo pia wanaosema kwamba kila mkoa ukijiamulia, mikoa tajiri itaishi katika matofali na mikoa maskini itabaki katika nyasi, na umoja wetu utalegea. Hoja zote mbili zina uzito. Hatutaki kuzijibu kwa maneno ya hewani. Tutazipima kwa historia ya mahali panapojulikana: Kiwira na wilaya ya Rungwe.

Kiwira ni kituo cha biashara katika barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela. Mto wenye jina hilo huteremka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita zipatazo 2,960, unasimama juu ya nchi yote. Ardhi ni ya volkano na ina rutuba. Mvua katika sehemu za Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo watu ni wengi na ardhi ni haba. Nyumba ya mkulima imezungukwa na migomba, mibuni au chai, na mipaka ya shamba moja hugusana na ya jingine. Mahali kama hapa, kusogeza nyumba ni kusogeza maisha ya mtu.

NYUMBA KABLA YA UKOLONI

Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na utaratibu wa makazi uliowashangaza wageni. Vijiji vyao havikuwa vya ukoo. Vilikuwa vya rika. Wavulana wenye umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha wazazi, huku wakiendelea kula pamoja katika nyumba za mama zao. Walipokua na kuoa, vibanda viligeuka nyumba na kambi ya vijana ikawa kijiji kamili. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka. Hapo wazee waliwakabidhi vijana utawala, na ardhi ya kukaa na kulima ikapangwa upya. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, waliofanya kazi Rungwe katikati ya miaka ya 1930, walieleza utaratibu huo kwa kirefu, na kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951. Kabla yao, mwaka 1879, msafiri Joseph Thomson alipita katika nchi hiyo akasifu usafi na urembo wa nyumba zake.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapa. Kwanza, mahali pa kujenga paliamuliwa na wale ambao wangekaa hapo, pamoja na wakuu wa vijiji waliokuwa wakiishi nao. Pili, vifaa vya ujenzi vilitoka karibu: mianzi, udongo na nyasi. Hakuna aliyeshindwa kujenga kwa kukosa fedha, maana fedha haikuhitajika. Tatu, utaratibu wote ulitegemea wingi wa ardhi. Kijana aliweza kuhama kwa sababu palikuwapo pa kuhamia.

Lakini tusiipambe historia. Machifu walikuwepo, na ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa wachache. Wazee walioa wake wengi wakati vijana walingoja miaka mingi bila kuoa. Wanawake hawakuwa na sauti katika ugawaji wa ardhi. Katika maandishi ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliyataja makosa mawili ya jamii yetu ya jadi: umaskini, na hali duni ya mwanamke. Anayedai leo kwamba madaraka yarudishwe "kwa wenyeji" aseme wazi ni wenyeji gani. Neno hilo moja huweza kumficha kabaila na kabwela pamoja.

NYUMBA KUWA KIZIO CHA KODI

Dola ya kikoloni nayo ilikuwa na siasa ya nyumba, na siasa hiyo ilianza kwa kodi. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya kibanda. Waingereza nao waliiendeleza kwa sheria ya kodi ya vibanda na kichwa ya mwaka 1922. Kuanzia hapo nyumba haikuwa tena mahali pa kulala tu. Ilikuwa kizio cha kuhesabia watu na kuwatoza. Na kwa kuwa kodi ilitakiwa kulipwa kwa fedha, mwenye nyumba alilazimika kuitafuta fedha hiyo. Wanaume wa Rungwe walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika Afrika Kusini. Ili nyumba yake isimame, mtu alilazimika kuihama.

Wakati huo huo kahawa iliingia. Mbuni hukaa miaka mingi ardhini. Mtu aliyepanda mibuni hakubali kuiacha kwa sababu tu rika lake linahama, naye hutaka mwanawe airithi. Kwa njia hiyo vijiji vya rika vilidhoofika na hatimaye vikafa. Hakuna amri iliyoviua. Viliuliwa na badiliko la uchumi: zao la kudumu, fedha, na uhaba wa ardhi uliokua pamoja na idadi ya watu. Aliyerudi na fedha za migodini, na aliyeuza kahawa nyingi, alijenga kwa matofali na kuezeka kwa bati. Asiye na fedha alibaki na mianzi na nyasi. Mlango wa nyumba ukaanza kuonyesha tabaka la mwenye nyumba.

Tutazame pia jambo la madaraka. Mwaka 1926 Waingereza waliweka utawala wa kupitia kwa machifu. Kwa maneno ya leo tungeweza kusema kwamba walipeleka madaraka karibu na watu. Lakini machifu hao walikusanya kodi kwa niaba ya Bwana Shauri na waliwajibika kwake, si kwa wakulima. Hili ni fundisho kubwa: madaraka yaliyo karibu na watu siyo lazima yawe madaraka ya watu. Fimbo ya karibu huua nyoka, lakini pia humpiga mwenye nyumba kama ameishika mwingine.

BAADA YA UHURU: MKONO WA TAIFA

Serikali ya Uhuru iliirithi nchi ambayo nyumba zake nzuri zilikuwa za mabwana. Ilichukua hatua za haraka na za haki. Mwaka 1962 iliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na vibanda vibovu vya Magomeni, Dar es Salaam, vikaanza kuondolewa ili zijengwe nyumba bora. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele, ambao mkoloni aliwapa wachache, ulifutwa, na utawala wa machifu nao ukafutwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973. Baadaye waajiri walitozwa asilimia 2 ya mishahara kwa ajili ya mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima.

Hatua hizi hazikuweza kuchukuliwa na mkoa mmoja. Mwenye majumba ya kupangisha hakuogopa halmashauri ya wilaya. Aliogopa dola ya Taifa zima. Engels alipoandika kuhusu suala la nyumba mwaka 1872, alionya kwamba taabu ya nyumba ya mfanyakazi haiwezi kuondolewa huku mfumo wa unyonyaji ukiachwa ulivyo. Ndiyo maana tunasema: katika jambo la kuvunja unyonyaji, mkono wa Taifa ni wa lazima.

Lakini kuvunja unyonyaji ni jambo moja, na kujenga nyumba ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya kazi za mashirika hayo ilibaki mijini. Mpango wa viwanja vyenye huduma, ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligusa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Mkulima wa Kiwira aliyetaka mkopo alitakiwa kuwa na mapato yanayothibitika kwa maandishi na nyumba inayokubalika na benki. Nyumba ya mianzi na udongo haikuwa dhamana. Jina la mkulima liliandikwa katika mfuko, lakini nyumba yake haikuingia katika daftari. Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995.

MADARAKA MIKOANI

Chama kiliiona hatari ya mambo yote kuamuliwa Dar es Salaam. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba maendeleo hayapimwi kwa vitu tu, bali pia kwa uwezo wa watu kuamua mambo yao. Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani. Wakurugenzi wa Maendeleo walipelekwa katika mikoa na wilaya, na fedha na wataalamu wakateremshwa kutoka wizarani.

Hapa ndipo kada anapotakiwa kutazama kwa makini. Katika mpango huo huo halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zilifutwa. Muundo mpya ulichorwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani, na ulimfanya mtumishi wa mkoa kuwa na nguvu kuliko wakati wowote uliotangulia. Madaraka yalihama, lakini yalihama kutoka kwa mtumishi aliyekaa Dar es Salaam kwenda kwa mtumishi aliyekaa Mbeya. Mkulima wa Rungwe alimkaribia mwenye kuamua. Yeye mwenyewe hakuwa mwenye kuamua.

Mtihani ulikuja haraka. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji na zahanati haviwezi kufikishwa kwa watu waliotawanyika. Lakini utekelezaji uliachwa kwa viongozi wa mikoa na wilaya, na wengi wao walishindana kumaliza mapema. Hii ilikuwa siasa ya nyumba kubwa kuliko zote katika historia yetu, maana mamilioni ya watu walijenga upya katika muda wa miaka michache. Katika sehemu nyingi nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara, mbali na mashamba, katika ardhi ambayo hakuna aliyeipima. Katika baadhi ya sehemu nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Hayo yalifanywa na madaraka ya mikoani.

Rungwe ilikuwa na hali tofauti. Katika nchi za mazao ya kudumu na watu wengi, kama Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, watu kwa sehemu kubwa tayari walikuwa wakikaa karibu karibu. Kuwahamisha kungekuwa kuing'oa kahawa, chai na migomba. Kwa hiyo vijiji vingi viliundwa kwa kuchora mipaka na kuviandikisha chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, iliyotaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 na halmashauri yake ya watu 25. Nyumba zilibaki mahali pake, jina la utawala likabadilika.

Tujiulize: ni nini kilichoziokoa nyumba za Rungwe? Hazikuokolewa na haki iliyoandikwa katika sheria, wala na kikao cha wanakijiji kilichokuwa na uwezo wa kukataa. Ziliokolewa na mgomba na mbuni. Mkulima wa nchi kavu, ambaye mali yake ilikuwa mtama na ng'ombe, hakuwa na mti wa kumtetea. Haki inayotegemea aina ya zao si haki, ni bahati. Hili ndilo fundisho la kwanza la Rungwe.

Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo wa 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuzifuta Serikali za Mitaa pamoja na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Chama kinachokiri kosa hakipungukiwi na kitu. Kinachopungukiwa ni kile kinacholirudia.

UDONGO NA SARUJI

Fundisho la pili linahusu vifaa. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwalaumu wale waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakingoja bati na saruji, iliyokuwa ikiitwa udongo Ulaya. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Saruji ilitengenezwa Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, tangu mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilibidi isafirishwe mamia ya kilometa kabla ya kufika Nyanda za Juu Kusini. Kiwanda cha Mbeya kilianza kuzalisha katika miaka ya 1980. Mtu aliyengoja saruji alingoja miaka, huku watoto wake wakilala chini ya paa linalovuja.

Hata hivyo, wito mmoja kwa nchi nzima hauna maana ile ile kila mahali. Tofali la udongo lililokaushwa juani hudumu Dodoma, ambako mvua ni chache. Kiwira, mvua ya miezi mingi huliyeyusha tofali hilo lisipokuwa na msingi wa mawe na paa lenye upenu mrefu. Kwa hiyo tofali la Rungwe hutakiwa kuchomwa. Lakini kuchoma tofali ni kuchoma kuni, na kuni ni miti. Basi siasa ya nyumba bora Kiwira haiwezi kutengana na siasa ya kupanda miti, na nani apewe haki ya kuvuna magogo na matawi katika mashamba ya miti. Mianzi, ambayo mababu waliijengea, huota hapo hapo. Mchoro wa nyumba uliofikiriwa kwa joto la pwani, wenye madirisha makubwa na paa jepesi, haumfai mama anayeamka Julai katika baridi ya Rungwe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna mtaalamu wa mji mkuu, hata awe mzalendo namna gani, awezaye kuyajua hayo kwa wilaya zote.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Sasa tuzipime hoja za wale wanaoogopa madaraka ya mikoa.

Hoja ya kwanza ni ya usawa. Mkoa wenye kahawa, chai, mgodi au bandari utakuwa na fedha. Mkoa usio navyo hautakuwa nazo. Hoja hii ni ya kweli. Kama kila mkoa utajenga kwa mfuko wake tu, tutakuwa tumerudisha ubepari kwa mlango wa jiografia.

Hoja ya pili ni ya matabaka ndani ya wilaya, na hii Rungwe inaijua. Watafiti wa Kiholanzi, van Hekken na Thoden van Velzen, walioishi katika wilaya hiyo katika miaka ya 1960, walichapisha mwaka 1972 uchunguzi wao kuhusu uhaba wa ardhi na tofauti za mali. Walionyesha jinsi wakulima wenye mali walivyoshirikiana na watumishi wa serikali, na jinsi misaada ya maendeleo ilivyowafikia wao kwanza. Ukiviachia viwanja vya Kiwira vigawanywe na "wenyeji" bila kutazama ni wenyeji gani, vitagawanywa kati ya mwenye duka, mwenye lori na jamaa zao. Mjane na kijana asiye na urithi wa ardhi watapata kiwanja bondeni, penye maji.

Hoja ya tatu ni ya umoja. Wanaoitoa huikumbuka Kenya, ambako katiba ya mwaka 1963 ilianzisha majimbo yaliyokwisha mwaka uliofuata. Lakini Kenya hiyo hiyo imelirudia jambo hili kwa namna nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inaiachia Serikali ya Taifa siasa ya nyumba, na inazipa kaunti kazi ya nyumba kama sehemu ya mipango na maendeleo yake. Mgawanyo huo haukumaliza ubishi. Tozo ya nyumba ya mwaka 2023 ilipingwa mahakamani, na sheria mpya ya mwaka 2024 ikaweka asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Wananchi waliuliza swali tunalouliza hapa: anayekatwa fedha ndiye anayeamua nyumba ijengwe wapi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano mwingine. Ndani ya Jamhuri yetu ya Muungano, nyumba si jambo la Muungano, na Zanzibar imekuwa na siasa yake tangu Mapinduzi ya mwaka 1964. Chini ya Mzee Karume yalianza majumba ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na makabwela wa Ng'ambo wakapewa makao bila kodi ya pango. Umoja wetu haukuvunjika kwa sababu hiyo. Lakini hata huko nyumba za zamani za Ng'ambo zilibomolewa kupisha maghorofa yaliyochorwa kwa mfano wa miji ya Ulaya. Serikali ilikuwa ya hapo hapo. Mchoro ulitoka mbali. Ukaribu wa serikali peke yake hautoshi.

MSIMAMO WETU

Kutokana na historia hii tunaona kwamba swali la "Taifa au mkoa" limeulizwa nusu. Tukumbuke kwamba katika Tanzania Bara mkoa si serikali ya kuchaguliwa. Tangu sheria ya mwaka 1997, mkoa una sekretarieti inayoziwezesha na kuzisimamia halmashauri. Kuupa mkoa siasa ya nyumba ni kumpa mtumishi, siyo mwananchi. Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Neno ni wananchi, si ofisi.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi zigawanywe hivi.

Taifa lishike mambo yale ambayo mnyonge hawezi kuyalinda peke yake: kwamba ardhi ni ya umma, kwamba mwanamke ana haki sawa ya kumiliki na kurithi mahali pa kukaa, kwamba hakuna anayeondolewa bila fidia ya haki, kwamba fedha za nyumba zinagawanywa kwa kutazama umaskini wa wilaya na si wingi wa mapato yake, na kwamba utafiti wa vifaa na usalama, pamoja na matetemeko katika nchi ya Bonde la Ufa, unagharimiwa na wote kwa faida ya wote.

Halmashauri ya wilaya ishike mambo yanayotegemea udongo na mvua: vifaa vinavyokubalika, michoro, upimaji wa viwanja, na mashamba ya miti ya kuchomea matofali. Nyumba ya tofali la kuchoma au ya mianzi iliyojengwa vizuri isihesabiwe kuwa duni kwa sababu kanuni iliandikwa kwa kufikiria saruji.

Kijiji nacho, kwa njia ya mkutano mkuu, kishike jambo la mahali: nyumba ikae wapi, na nani apewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuweka msingi huo. Lakini hapa ipo hatari mpya. Kituo cha biashara kinapokua, kama Kiwira inavyokua, ardhi ya kijiji huweza kuingizwa katika eneo la mipango miji. Siku hiyo mkulima mwenye migomba kando ya barabara hujikuta yumo mjini, chini ya kanuni asizozishiriki, na kiwanja chake kinatamaniwa na wenye fedha kutoka mbali. Mwaka 1974 migomba ilimlinda asihamishwe. Bei ya kiwanja itamhamisha kimya kimya, bila operesheni wala lori.

Kwa hiyo kada anayefika Kiwira asianze kwa kuhesabu mabati. Aulize maswali matatu. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini kuzungumza habari ya viwanja, na muhtasari wake uko wapi? Kati ya waliopewa viwanja, wangapi ni wanawake, na wangapi ni vijana wasio na urithi? Na mkulima aliyejenga kwa tofali lake mwenyewe, je, anaweza kupata mkopo au kibali sawa na aliyenunua saruji? Majibu yatamwonyesha madaraka yako mikononi mwa nani.

Chama chetu kilipojenga mashina yake vijijini, kilihesabu kwa nyumba: nyumba kumi, balozi mmoja. Hatukuhesabu kwa ekari wala kwa mali. Nyumba ya mianzi na nyumba ya matofali zilihesabika sawa, kila moja kwa sauti moja. Siasa ya nyumba iliyo ya kijamaa haina budi kuanzia katika hesabu hiyo. Kazi hiyo haitafanywa na mkoa kwa niaba ya wananchi, wala na Taifa kwa niaba ya mkoa. Itafanywa na wenye nyumba wenyewe, katika mkutano wenye uwezo wa kusema ndiyo na uwezo wa kusema hapana.